Mama, Udi na Zimamoto

Mume wangu ni askari wa zimamoto, wa kujitolea. Naliweka hili mbele mapema, maana msipolijua, yaliyotokea usiku ule mtasema nimetunga.

Ufaransa, karibu wanane katika kila kumi wa watu wa zimamoto ni wa kujitolea. Ukipiga 18, namba ya zimamoto, ukiwa Paris, anakujia mwanajeshi. Ukipiga 18 huku kwetu Périgord, anakujia fundi bomba. Anayeendesha gari la maji ndiye huyo huyo anayeendesha basi la shule. Anayeshika mpira ni kijana wa duka la mikate. Kapteni wao mchana anauza viatu, ukienda dukani kwake anakupigia magoti akupime mguu. Mume wangu anatengeneza matrekta. Na kila mmoja ana kidude kiunoni. Kikilia, huacha alichoshika, iwe spana, iwe unga, iwe mke, akatoka mbio.

Tunakaa kwenye kitongoji cha nyumba chache za mawe, si mbali na Sarlat, katikati ya mashamba ya miti ya jozi. Wenyeji hasa wa asili ni wawili: bibi mwenye kuku na mzee mwenye ng'ombe. Waliobaki ni sisi wakuja. Waingereza ndio wengi, mpaka wenyewe kwa utani huuita mkoa huu wetu wa Dordogne, Dordogneshire, kana kwamba ni wilaya ya kwao. Wako Waholanzi, wanaofika Julai na gari limeinama nyuma kwa viazi, utadhani Ufaransa viazi havioti. Na niko mimi wa Tanga.

Kiangazi cha huku kina sheria zake, na ya kwanza ni ya madirisha. Kila dirisha lina mbao zake za nje, na jua likichomoza tu unazifunga zote, mnashinda gizani hadi jioni, mkipita nje mnapepesa macho. Nyumba za mawe za ukuta wa dhiraa nzima, ukizifunga hivyo hubaki na ubaridi wake hata nje kukiunguza. Ya pili: kuanzia saa sita mchana mpaka saa nane, hakuna kitu. Ukikatikiwa na gesi saa sita na dakika moja, kaa nayo hivyo hivyo. Ya tatu: ukialikwa jioni "kunywa kidogo tu kabla ya kula", kula kwanza kwako, maana hicho kidogo kitakwenda na zeituni na karanga hadi usiku mkubwa, na chakula hukioni.

Hizo sheria nilikuwa nimezizoea. Mwaka 2022 akaja mama.

Kumleta kwenyewe kulikuwa na mambo yake. Kabla ya viza ilibidi niende ofisi ya meya nikachukue cheti cha kumpokea mgeni, nilipie stempu ya yuro 30, nieleze nyumba ina ukubwa gani na mgeni atalala wapi. Nilipomsimulia mama kwa simu alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Yaani meya ndiye atakayenitandikia?"

Siku aliyofika, jioni, alitia udhu akakaa kwenye msala kungoja magharibi. Saa kumi na mbili, jua liko juu. Saa moja, liko juu. Saa mbili akaniita.

"Abee, mama."

"Jua lenu limekwama."

Ikabidi nimweleze kwamba Julai huku jua linatua saa tatu na dakika arobaini za usiku, na isha haiingii mpaka karibu na saa sita. Alinitazama usoni aone kama namfanyia mzaha. Mwanamke aliyezoea isha akiwa amekwisha kula, ameosha vyombo na amemsema kila jirani, sasa anakaa macho hadi usiku wa manane akivuta tasbihi, na alfajiri nayo inamgongea kabla hajapata usingizi. Mkumbuke hili la kukaa macho, kwa sababu ndilo lililoleta kila kitu.

Na mume wangu nao walikuwa na vita vyao. Mamamkwe na mkwe wa pwani hawagombani, haiwezekani, hata sauti hazipandishwi. Basi walipigana kimya kimya. Asubuhi mume wangu anafunga madirisha. Akitoka, mama anafungua, apate hewa, maana nyumba iliyofungwa mchana ni nyumba ya msiba. Mchana mume wangu anarudi kula, anakuta sebule imegeuka tanuri, anasema "Shikamoo, Mama" kwa lafudhi yake ya kuvuta pua, anaitikiwa "Marahaba, baba", anafunga. Akirudi gereji, mama anafungua. Hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake neno juu ya madirisha.

Aliyeelewana naye mara moja ni bibi wa kuku. Sijui vipi. Yule Kifaransa cha Périgord cha kuburuza, huyu Kiswahili cha Tanga, wanakaa chini ya mti wa jozi mchana kutwa, mmoja anasema, mwenzake anaitikia, wanacheka mahali pamoja. Mayai yakawa yanakuja, mandazi yanakwenda. Mimi, bibi huyo huyo nikimwambia kuna joto leo, huniambia nirudie.

Sasa, darini.

Usiku mmoja mama yuko kwenye msala anangoja isha, akasikia juu ya kichwa chake kitu kinaviringika. Kinatoka ukuta huu, grrrrr, kinakwenda ukuta ule, kinasimama. Kimya. Halafu miguu, ya haraka haraka. Halafu sauti ya mtu anayekoroma na kucheka kwa pamoja. Halafu tena, grrrrr.

Asubuhi aliniuliza ni nani tuliyemweka juu.

Mume wangu alicheka akasema ni loir. Huyo ni mnyama mdogo wa kijivu, mwili wa panya, mkia wa kindi, mwenye macho meusi makubwa, na kila mwenye nyumba ya zamani huku anamjua kwa hasara. Vuli ikifika anaingia shimoni kulala, halali usiku mmoja wala mwezi mmoja, analala kama miezi saba, bila kula. Kiangazi akiamka anahamia kwenye dari za watu na kulipiza usingizi wote. Sisi juu tulikuwa na magunia ya jozi tulizookota vuli iliyopita, kwa hiyo aliviringisha, akala, akaviringisha nyingine.

Nikamtafsiria mama neno kwa neno. Alisikiliza vizuri sana.

"Analala miezi saba hali chakula."

"Ndiyo, mama."

"Akiamka anacheza usiku na kukoroma."

"Ndiyo."

"Mwanangu, sasa hapo mumeo ameniambia nini ambacho si jini?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Mume wangu akaahidi kwamba sikukuu ikipita ataweka vizimba vya mtego, awakamate wazima, akawatupe msitu wa mbali. Mama akasema "Inshallah, baba." Kwa wanaomjua mama, akishaitikia hivyo jambo limekwisha kuamuliwa, na si na wewe.

Ikafika tarehe 13 Julai. Kesho yake ni sikukuu ya taifa, na mkesha wake, au usiku wa sikukuu yenyewe, watu wa zimamoto huandaa dansi nchi nzima. Hufungua kituo chao, huning'iniza taa, huchoma soseji, huleta mtu wa kodiani, na kijiji kizima hucheza, vikongwe na watoto. Lakini mwaka ule hali ilikuwa mbaya. Mvua ilikuwa haijaonekana, majani yamekauka hadi yakikanyagwa yanalia. Mkoa wa jirani, Gironde, misitu ya La Teste-de-Buch na Landiras ilikuwa imeshika moto tangu jana yake, moto ambao baadaye ulikula zaidi ya hekta 20,000. Sehemu nyingi za Ufaransa walifuta fataki za sikukuu kwa kuogopa cheche, na kwetu pia zikafutwa. Kuwasha moto nje, marufuku. Watu walikuwa wanatembea wananusa hewa. Ukitoa kiberiti mfukoni barabarani, mazungumzo yanakatika.

Mume wangu alikuwa zamu usiku huo, kwa hiyo alikwenda dansini kunywa maji ya mnanaa tu, na kidude kiunoni. Mimi nikabaki na mama, yeye haendi kwenye dansi za kushikana viuno.

Gari la mume wangu lilipopinda tu kona, mama akatoka chumbani. Mkononi kuna chetezo cha udongo. Alikitoa Tanga kimeviringishwa ndani ya kanga, na uwanja wa ndege walipomwuliza kile kikopo kina nini, aliwafungulia wakanusa, wakamwachia apite.

"Makaa yako wapi?"

"Mama, mume wangu ni mtu wa zimamoto."

"Najua. Ndiyo maana nimengoja atoke."

"Serikali imekataza kuwasha moto nje."

"Mimi nauwasha ndani."

Mwanasheria gani angepangua hilo? Makaa yalikuwepo, yale ya kuchomea nyama yaliyokaa bure tangu marufuku. Akayaweka juu ya jiko la gesi mpaka yakawa mekundu, akayapanga kwenye chetezo, tukapanda. Au tuseme yeye alipanda. Mimi nilipewa kazi ya kushika ngazi na kuitikia amina.

Kwa asiyejua udi wa mama: unapikwa kwa sukari, vipande vya mti wa udi wenyewe, marashi ya waridi, ambari, na vitu vingine ambavyo hasemi hata kwa binti yake. Punje moja tu ya ukubwa wa kucha inafukiza chumba cha bibi harusi na nguo zake zote, na siku ya tatu mtu akipita mlangoni anageuka. Lakini mama hakukadiria kwa chumba. Alikadiria kwa jini. Alitupa macho darini, akaona pametandaa urefu wa nyumba nzima, akasema, "Huyu si wa punje." Akamimina kikopo. Kisha ubani juu yake, ngumi mbili.

Moshi ulipanda mweupe, mzito, wa kunukia mpaka machozi yananitoka kule chini. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Siku hiyo, ya kipekee, mama alikuwa amekubaliana na mkwewe. Moshi haukuwa na pa kwenda ila juu. Na paa la nyumba ya zamani ni vigae vilivyolaliana tu, kila kigae na mwanya wake. Nami nilikuwa ndani, hilo sikuliona. Nimelisimuliwa baadaye na watu wengi, kila mmoja akiongeza lake: jua ndiyo linatua nyuma ya kilima, anga imekuwa nyekundu, na paa letu lote, kutoka mwisho huu hadi mwisho ule, linafuka.

Jirani yetu Mwingereza alikuwa kibarazani kwake na bilauri yake. Ni mzee mstaafu, mtulivu, hajapata kumsumbua mtu tangu ahamie. Alitazama. Akaweka bilauri chini, jambo ambalo mkewe anasema hajapata kuliona. Akapiga 18 na kwa Kifaransa chake chote akasema nyumba ya fundi matrekta inaungua na ndani mna wanawake wawili. Simlaumu hata chembe. Na mimi ningepiga.

Dansini, kodiani ilikuwa katikati ya waltz. Vidude vyote vikalia kwa mpigo mmoja, kiunoni kwa fundi bomba, kiunoni kwa dereva wa basi, kiunoni kwa kijana wa mikate aliyekuwa amemkumbatia binti wa watu. Wakasoma anwani. Kijana wa mikate ananiambia mume wangu aliisoma, akakifuta kioo kwa shati, akaisoma tena. Kapteni akamtazama. Hakuna aliyesema kitu. Wakakimbilia magari.

Na kijiji je? Kijiji kilikuwa kimenyimwa fataki. Watu walivaa, wamekuja na watoto, wameambiwa mwaka huu hakuna cha kutazama. Sasa kimepatikana. Nyuma ya magari mawili ya zimamoto ulifuata msafara: magari madogo, pikipiki, trekta moja lenye watu kwenye tela, vijana na baiskeli, na mwenye kodiani, ambaye alisema baadaye kwamba alifuata wateja wake.

Juu darini, mama alikuwa anakariri Ayatul Kursiyu kwa sauti iliyonyooka. King'ora kikaanza kusikika kwa mbali, kinakaribia.

"Yasikie yanavyolia!" mama akanipigia kelele. "Yanaumia!"

"Mama, hicho ni king'ora!"

"Itikia amina wewe!"

Nikaitikia. Mlango ukafunguka kwa kishindo, nikanyanyuliwa na fundi bomba kabla sijafumbua kinywa. Nakwambia kunyanyuliwa, miguu haigusi sakafu. Nikatolewa uani, nikakalishwa, nikafunikwa ile karatasi ya dhahabu ya kumtia mtu joto, usiku ambao hata mbwa walikuwa wamelala chali kwa joto. Nikawa nasema, "Ni udi! Ni udi tu!" Fundi bomba ananishika bega, ananiambia nipumue polepole, kila kitu kitakuwa sawa. Bibi wa kuku amesimama kwenye ukuta wake anapiga mayowe, "Na yule mwingine? Na yule mwingine?"

Yule mwingine mkwewe alikuwa amekwisha kumfuata.

Hapa nitasimulia kama nilivyopewa na pande zote mbili, maana hazikubaliani. Mume wangu alipanda ngazi akiwa na vazi lote la kazi: koti nene jeusi, helmeti ya fedha inayong'aa, kioo usoni, mtungi wa hewa mgongoni, na ile barakoa ambayo mtu akivuta pumzi inatoa mlio, hhhhh, khhhhh. Moshi umejaa hauoni mkono wako. Mama yuko katikati yake, amefika penye aya anayoijua kwamba hapo jini lolote haliwezi kuvumilia, lazima litoke. Anafungua macho. Kwenye tundu la dari kinachomoza kichwa cha fedha. Hakina uso. Kina jicho moja kubwa la kioo, nalo lina mwanga. Na kinapumua, hhhhh, khhhhh.

Mama hakukimbia. Nasema hili kwa fahari. Alinyanyua chetezo, akanyoosha kidole, akalitaka litaje jina lake na lilikotoka.

Mume wangu, aliyefunzwa na mimi kwamba kwa mama haanzi neno lolote kabla ya lile moja, hata kama nyumba inaungua, alisema ndani ya barakoa:

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," mama akajibu.

Ilimtoka tu. Mtu wa Tanga akiamkiwa hujibu, awe anayemwamkia amekufa au hai. Halafu akasikia alichojibu. Ukapita muda, hapo wote wawili wanakubaliana, ambao hakuna aliyejua la kufanya. Kisha mama akachukua mrashi aliouchomeka kiunoni, akammwagia jini huyo mwenye adabu marashi yote ya waridi, kuanzia helmeti hadi mabuti.

Kapteni alipanda nyuma yao na kamera ya joto, ile inayoonyesha moto uliojificha ukutani. Akaielekeza kwenye boriti ya paa akitafuta chanzo. Akaona vitu vitano vidogo, vyenye moto, vimepangana kwenye boriti, vinamtazama. Akasogea. Vitu vitano vikaruka kwa pamoja. Kimoja kilitua juu ya helmeti yake, kikamshukia mgongoni, kikapita kati ya miguu ya mume wangu, na vyote vikatokea kwenye tundu la ukuta juu ya mlango, kwenye mwanga wa taa za gari, mikia imesimama, vikaruka kwenye mti wa jozi.

Watu wote waliokuwa uani walipiga makofi. Mtoto mmoja akauliza kama kuna nyingine.

Kisha akatoka mama. Walitaka kumbeba, akakataa. Alitokeza mlangoni kwa miguu yake, chetezo mkononi kingali kinafuka, amejitanda kanga iliyoandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE, nyuma yake mkwewe anachuruzika marashi. Simu zikanyanyuliwa, picha zikapigwa. Meya alikuwepo, na ndala zake za dansini. Akanisogelea nikiwa bado ndani ya karatasi yangu ya dhahabu, akaniuliza kwa upole kama huyu ndiye yule mgeni wa kile cheti.

Mama akatupa macho uani. Kila mtu tunayemfahamu na tusiyemfahamu alikuwa pale, amesimama, hana kitu mkononi. Na mama yangu kwa watu waliojaa uani usiku ana tafsiri moja tu.

"Hawa wote wamekula?"

Sikuweza kumweleza kwa nini wamekuja. Tukawasha jiko. Mandazi ya kesho yakatoka yote, visheti vikatoka, chai ya tangawizi ikachemshwa kwenye sufuria ya kutengenezea jamu, bibi wa kuku akaleta mayai na vikombe, Mwingereza akaja na viti vyake na uso mwekundu wa kuomba radhi. Mama akampa kisheti cha kwanza. Wenye tela walirudi kituoni wakaleta soseji zilizobaki. Mama aliuliza ni za mnyama gani, akaambiwa, akazipangia meza yake peke yake, mbali. Mwenye kodiani akakaa juu ya kisima. Kapteni alitaka kumbusu mama mashavuni kwa kumshukuru, mila za kwao, mama akamnyooshea mkono uliofungwa kwenye ncha ya mtandio, naye akaubusu huo mtandio. Isha iliingia watu wangali wanacheza. Mama akaenda kuisali, akarudi.

Baada ya kila mwito lazima iandikwe taarifa, na mna sehemu ya chanzo cha moshi. Kulikuwa na umeme, kulikuwa na sigara, kulikuwa na kusudi la uhalifu. Kapteni aliumwa kichwa siku mbili, kisha akaandika kwa mkono: mila ya familia, imekwisha kudhibitiwa.

Udi haukudhibitiwa. Nguo za zimamoto zimetengenezwa zistahimili moto, hakuna aliyefikiria udi wa mama. Zilifuliwa, zikarudi zinanukia. Gari likaoshwa, likanukia. Ajali ya barabarani iliyofuata, majeruhi aliyekuwa amefungwa shingo aliuliza ni marashi gani haya. Baadhi yao walipopelekwa Gironde kusaidia, wenzao wa huko, weusi kwa masizi, waliwauliza kama wametoka harusini. Wake zao nao, mmoja mmoja, walianza kuja kwangu, kwanza wakiwa wakali, kisha wakiuliza bei. Mama aliuza kikopo cha akiba chote kabla ya kupanda ndege, na hakushusha bei hata senti.

Na wale wanyama kwetu hawakurudi kiangazi kile. Hilo naomba lieleweke, kwa kuwa mume wangu hupenda kulipita haraka. Vizimba vyake vilikaa stoo na bei yake imebandikwa. Walihamia kwa Mwingereza. Alikuja Agosti, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi, akaniuliza kwa heshima zote mama anarudi lini.

Mwishoni mwa mwaka watu wa zimamoto hupita nyumba kwa nyumba kuuza kalenda, zenye picha zao wakiwa kazini. Haina bei, unatoa ulichojaliwa. Kwetu aliyekuja kugonga ni mume wangu, amevaa sare, amekaza uso kikazi, akaninyooshea ya mwaka 2023. Januari, mafuriko. Aprili, ng'ombe anatolewa shimoni. Julai, ukurasa mzima, mama mlangoni na chetezo.

Nikampigia picha ya ukurasa huo nikamtumia kwa WhatsApp. Simu ikalia papo hapo.

"Abee, mama."

"Wamenitoa na kanga ya nyumbani! Tena ya juu na ya chini si pacha! Umekaa hapo kwenye makaratasi yako ya dhahabu, unaona mzazi wako anapigwa picha na vikanga viwili visivyofanana, hunambii kitu!"

"Mama, nyumba ilikuwa imejaa zimamoto."

"Ndiyo maana ungenambia. Tanga nzima itaiona hii."

"Basi nisikutumie?"

Kimya kidogo.

"Nitumie kumi."

Akakata. Sijaweka simu chini ikalia tena.

"Kumi na tano. Nimewasahau wa chuoni."